Nyanya Inakataa Bustanini: Dalili, Sababu, na Aina ya Kupanda Msimu Ujao

Malalamiko ya wanaolima nyanya nyuma ya nyumba yanajirudia. Mmoja maua yake yanapukutika. Mwingine matunda yanapasuka siku mbili kabla ya kuchumwa. Wa tatu ameamka akakuta tuta zima limekuwa la kahawia. Wote wanaulizia dawa. Ukiwauliza wamepanda aina gani na usiku kwao kuna joto kiasi gani, wengi wanajibu, "Nilinunua tu mbegu ya nyanya." Tatizo lilianzia hapo, miezi miwili kabla jani la kwanza halijabadilika rangi.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea mara nyingi, nikashuka hadi zile za nadra. Lakini aina haibadilishwi mmea ukiwa umeshasimama ardhini. Kwa hiyo karibu kila dalili ina majibu mawili: la kuokoa kilichopo, na la mbegu ya msimu ujao. La pili ndilo watu hulisahau.

Kwanza, pima hali ya hewa yako

Tafuta kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini cha siku. Kitundike kivulini, kimo cha kiuno, pale pale nyanya zitakapokaa, kisha andika namba zake kwa siku 14. Utabiri wa redioni hautoshi. Kituo cha vipimo kinaweza kuwa mbali juu au chini ya bustani yako, na kila mita 100 za mwinuko hupunguza joto kwa takriban nyuzi 0.6. Bustani iliyobanwa na kuta za saruji nayo ina tabia yake: ukuta hunywa jua mchana na kulitema usiku, na nyanya iliyo karibu nao hailali kwenye ubaridi unaodhani upo.

Unatafuta mambo manne: joto la usiku wakati wa maua, joto la mchana wa siku kali, wiki ambazo majani hukaa yameloa kwa mvua, ukungu au umande, na urefu wa kipindi kizuri kabla baridi, masika au jua kali halijarudi. Huna haja ya kujali urefu wa mchana. Kitunguu kilichozalishwa kwa nchi zenye mchana mrefu hukataa kufanya tunguu penye mchana mfupi, lakini nyanya haina ubaguzi huo. Inachouliza ni joto, maji na magonjwa.

Dalili: Maua mengi, matunda hakuna

Hii ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Ua linafunguka, linakaa siku mbili tatu, kikonyo kinageuka njano kwenye kifundo, kisha linaanguka.

Sababu ya kwanza ni joto, hasa la usiku. Nyanya hutunga matunda vizuri usiku ukiwa kati ya nyuzi 15 na 20. Usiku ukizidi 21 mfululizo, matunda yanayotunga hupungua, na ukikaa kwenye 24 aina nyingi za kawaida huacha karibu kabisa. Mchana nao ukipita 32, hali huwa mbaya zaidi. Kinachoharibika ni chavua, na huharibika mapema: wakati wake dhaifu kuliko wote ni takriban siku 8 hadi 13 kabla ua halijafunguka. Ua linaloanguka leo linaweza kuwa linalipa deni la joto la wiki iliyopita. Hapa ndipo wengi hupotea njia. Wanaona leo kuna ubaridi, wanasema joto halihusiki, wanaanza kumwaga mbolea.

Ya pili ni kinyume chake, baridi. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 chavua huwa chache na dhaifu, na ua hudondoka vilevile. Kwa macho huwezi kutofautisha ua lililouawa na joto na lililouawa na baridi. Daftari lako la joto ndilo litakalokuambia.

Ya tatu ni nitrojeni iliyozidi. Shina ni nene kama kidole gumba, majani ni ya kijani iliyokolea, mmea unapendeza mno kwa picha na hauzai. Acha mbolea ya kukuzia na samadi mbichi mara moja.

Baada ya hizo kuna kivuli (jua chini ya saa 6 kwa siku) na hali ya hewa yenyewe: penye unyevu mwingi chavua hugandana isidondoke, na penye ukavu mkali hudondoka isinate.

Ukaguzi ni mwepesi. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini linahitaji mtikisiko wa upepo au nyuki. Chukua nusu ya mimea yako, uitikise taratibu au uigonge nguzo kila siku saa nne asubuhi, kwa siku 7. Nusu nyingine usiiguse. Iliyotikiswa ikitunga peke yake, ulikosa upepo, basi endelea kutikisa. Zote zikikataa, rudi kwenye daftari la joto.

Kwa msimu huu, tandaza majani makavu juu ya udongo, mwagilia kwa ratiba isiyoyumba, na weka wavu wa kivuli wa asilimia 30 hivi juu ya mimea kwa saa za jua kali. Usiing'oe. Aina ndefu, ile inayoendelea kurefuka na kutoa maua mwezi hadi mwezi, itatunga tena joto likipoa. Aina fupi haina subira hiyo. Hutoa maua yake karibu yote kwa wakati mmoja, na wiki hizo chache zikiangukia kwenye joto, mavuno ya mmea huo yamekwenda.

Kwa msimu ujao, penye usiku wa joto tafuta aina zilizozalishwa kutunga kwenye joto: Heatmaster, Phoenix, au Solar Fire iliyotoka Chuo Kikuu cha Florida. Nyanya ndogo za ukubwa wa zabibu nazo huvumilia joto kuliko zile kubwa za kukata vipande. Penye usiku wa baridi, tafuta Stupice, Glacier, Siletz au Oregon Spring. Hizi mbili za mwisho zilizalishwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon na zina uwezo wa kutunga tunda hata chavua ikishindwa, ndiyo maana matunda yao ya mwanzo mara nyingi hayana mbegu.

Maandishi ya "inastahimili joto" kwenye pakiti hukununulia nyuzi chache tu. Kama usiku wako unakaa kwenye 27 kwa miezi mitatu, hakuna mbegu itakayokuokoa. Badilisha tarehe ya kupanda.

Dalili: Mmea mrefu, matunda ya kijani, msimu umekwisha

Mara nyingi aina huchukua muda mrefu kuliko msimu. Siku zilizoandikwa kwenye pakiti, tuseme 75, kwa kawaida huhesabiwa tangu kuhamisha mche hadi tunda la kwanza kuiva, si tangu kusia mbegu. Ongeza wiki 6 hadi 8 za kitalu. Zaidi ya hapo, siku hizo zilihesabiwa kwenye joto zuri. Nyanya karibu haikui kabisa chini ya nyuzi 10, na kwenye nyuzi 15 huenda kwa mwendo wa kinyonga, kwa hiyo 75 za pakiti zinaweza kuwa 95 zako.

Hesabu kwa kurudi nyuma. Weka alama kwenye tarehe ambayo hali mbaya huanza, toa wiki 4 za kuchuma, toa siku za pakiti, toa siku 15 za tahadhari. Ukibakiwa na tarehe ambayo bado huna miche mikubwa, unahitaji aina ya mapema ya siku 50 hadi 65. Aina fupi kama Roma au Cal J huivisha mzigo wake kwa pamoja, jambo zuri kwa msimu mfupi wenye uhakika. Brandywine na wenzake wakubwa wa kizamani ni watamu, sikatai, lakini kwa msimu wa miezi mitatu ni kucheza bahati nasibu.

Kwa mimea iliyopo, kata ncha ya kila shina wiki 5 hivi kabla ya mwisho, ondoa maua yaliyochelewa, na punguza maotea, yaani machipukizi ya pembeni. Matunda yaliyoanza kubadilika rangi chuma uyamalizie ndani.

Dalili: Tunda linaiva rangi ya chungwa, mabega yamebaki magumu ya njano

Hii ni kazi ya joto. Rangi nyekundu ya nyanya hutengenezwa vizuri kati ya nyuzi 20 na 25, na tunda lenyewe likipita 30 utengenezaji huo husimama huku rangi ya njano ikiendelea. Tunda lililoachwa wazi juani huwa na joto zaidi ya hewa inayolizunguka, kwa hiyo hata siku ya nyuzi 28 inatosha kuliharibu.

Chuma linapoanza tu kuonyesha wekundu kitakoni, uliweke ndani penye nyuzi 20 hivi, nje ya jokofu. Msimu ujao chagua aina yenye majani mengi na ambayo tunda lake bichi lina kijani cha aina moja, lisilo na mabega yaliyokolea. Upungufu wa potasiamu huleta sura inayofanana, lakini usiongeze mbolea kabla ya kujaribu kuchuma mapema.

Dalili: Tunda limepasuka

Mmea ulikaa na kiu, mvua ikashuka, mizizi ikanywa kwa pupa, nyama ikavimba na ganda likashindwa kufuata. Mipasuko inayotoka kwenye kikonyo kwenda chini na ile ya mduara kuzunguka bega zote zina asili hiyo. Tofauti iko kwenye ganda la aina uliyopanda.

Mwagilia kidogo kidogo na mara kwa mara, weka matandazo mazito, na ukiona mawingu meusi chuma kila tunda lililoanza kugeuka rangi kabla mvua haijafika. Kama msimu wako ni ukavu unaokatizwa na mvua za ghafla, kaa mbali na aina zenye ganda jembamba. Sungold ni tamu kama pipi, na ni mpasukaji mashuhuri. Juliet na nyanya nyingi za umbo la yai zina ganda linalovumilia. Bei ya uvumilivu huo hulipiwa mdomoni, maana ganda gumu linachosha kutafuna, na kila mtu ataamua mwenyewe kama anaridhika.

Dalili: Kitako cha tunda kimekuwa cheusi na kubonyea

Hili halitokani na kidudu wala ukungu. Ni upungufu wa kalisi ndani ya tunda, na mara nyingi udongo wenyewe una kalisi ya kutosha. Kalisi husafiri na maji, maji yakiyumba nayo hukwama njiani. Panga sababu hivi: kumwagilia kusikotabirika, mizizi iliyokatwa na jembe au kubanwa kwenye chungu kidogo, nitrojeni nyingi, na mwisho kabisa udongo wenye tindikali kali.

Ondoa matunda yaliyoharibika na tengeneza ratiba ya maji. Matunda ya awamu inayofuata mara nyingi hutoka safi bila dawa yoyote. Kunyunyizia kalisi majani ni kupoteza muda, kwa sababu kalisi iliyoingia kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Ukitaka kumwaga chokaa, pima kwanza pH ya udongo. Nyanya inapenda 6.0 hadi 6.8, na chokaa iliyozidi huleta matatizo yatakayokaa miaka.

Hapa pia aina ina neno lake. Roma, San Marzano na ndugu zao warefu hushambuliwa sana. Nyanya ndogo za mviringo ni nadra kupatwa. Kama bustani yako ni ya upepo mkavu na maji ni ya kubeba kwa ndoo, panda ndogo.

Dalili: Tunda limekunjamana, lina makovu na matundu upande wa chini

Ua lilipigwa na baridi likiwa changa, wiki kadhaa nyuma, mara nyingi usiku uliokaribia nyuzi 10. Nyanya kubwa zenye vyumba vingi ndizo huumia zaidi. Hakuna tiba na hakuna haja ya dawa, kata sehemu mbaya ule iliyobaki. Penye mwanzo wa msimu wa baridi, panda tunda dogo au la wastani, au chelewesha kuhamisha miche mpaka usiku utulie juu ya 13.

Dalili: Majani yana madoa, yanakauka kutoka chini au yanaungua yote kwa siku chache

Watu huita kila doa "bakajani". Bakajani ziko mbili, kila moja ina hali ya hewa yake, na kuzichanganya ndiko kunakofanya mtu anunue mbegu isiyomfaa.

Bakajani tangulia hupenda joto, nyuzi 24 hadi 29, na majani yaliyoloa. Huanzia majani ya chini na wazee, madoa ya kahawia yenye pete ndani ya pete kama ubao wa kulengea shabaha, na njano kuzunguka. Inapanda taratibu. Ndiyo inayokutwa mara nyingi.

Bakajani chelewa hupenda ubaridi na maji, nyuzi 15 hadi 22 zenye ukungu, manyunyu au umande usiokauka. Madoa ni makubwa, ya kijivu na kijani kama yaliyomwagiwa maji ya moto, popote kwenye mmea, na shina hupata mabaka ya kahawia iliyokolea. Asubuhi na mapema geuza jani: ukiona ukungu mweupe ukingoni mwa doa upande wa chini, umeshapata jibu. Kinachoileta, Phytophthora infestans, ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Inaweza kumaliza tuta kwa wiki moja.

Kwa bakajani tangulia: ondoa majani ya chini yaliyougua na yale yanayogusa udongo, weka matandazo ili mvua isirushe matope, mwagilia chini asubuhi, acha nafasi upepo upite. Mara nyingi hiyo inatosha kufikisha mavuno.

Simama hapa. Ukiwa na uhakika ni bakajani chelewa na mmea umeathirika zaidi ya theluthi, usiendelee kujaribu dawa moja baada ya nyingine. Ng'oa, funga kwenye mfuko wa plastiki siku hiyo hiyo, usiweke kwenye mboji, na uwajulishe majirani wenye nyanya au viazi, kwa sababu mbegu zake za ukungu husafiri na upepo. Dawa za ukungu hukinga jani ambalo bado halijaugua, na lililokwisha kuungua halirudi. Kabla ya kununua dawa yoyote yenye nguvu zaidi ya ile ya shaba, muulize afisa ugani: ipi imesajiliwa, kipimo chake, na siku za kusubiri kabla ya kula. Usichanganye dawa mbili kwenye bomba moja kwa kukisia.

Kwa msimu ujao kwenye nchi ya ubaridi na ukungu, hili ndilo jambo la kwanza la kuangalia kwenye pakiti, mbele ya ladha na ukubwa. Ukinzani wa bakajani chelewa unatokana na vinasaba vinavyoitwa Ph-2 na Ph-3, na aina zenye vyote viwili husimama imara zaidi. Mountain Magic, Defiant na Iron Lady zilizalishwa kwa kazi hiyo. Legend ina ukinzani wa kiasi. Hakuna iliyo chuma, lakini tofauti kati yake na aina ya kawaida ni ya wiki kadhaa za kuchuma.

Dalili: Mmea umenyauka ilhali udongo una maji

Anza na lililo jepesi. Chimbua sentimita 10 uguse. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia. Ukiwa tope linalonuka, mizizi inazama, tengeneza mfereji. Mmea usiodumaa ukinyauka saa nane mchana na kusimama tena jioni, ni jua tu, usiuguse.

Usiposimama jioni, au ukiwa umedumaa, angalia namna ulivyonyauka.

Umenyauka ghafla, majani yakiwa bado ya kijani, penye joto na unyevu: shuku mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kiweke kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Baada ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni wenyewe, Ralstonia solanacearum.

Majani yanageuka njano upande mmoja wa mmea kwanza, kisha unanyauka taratibu: pasua shina kwa urefu. Mistari ya kahawia ndani ni mnyauko fuzari au mwenzake wa vertisilia, yote ya ukungu wa udongoni. Hali ya hewa inasaidia kuwatenganisha. Fuzari hushamiri udongo ukiwa karibu na nyuzi 28, vertisilia kwenye ubaridi wa 20 hadi 24.

Mmea umedumaa, unanyauka mchana na kurudi usiku, siku baada ya siku: ng'oa mmoja uangalie mizizi. Vinundu kama shanga ni minyoo fundo.

Simama hapa pia. Mnyauko bakteria hauna dawa. Ng'oa mmea na udongo wa mizizi yake, osha jembe na viatu, usiruhusu maji ya tuta hilo kutiririkia tuta jingine. Usirudishe hapo nyanya, viazi, bilinganya, pilipili wala tangawizi, kwa kuwa wote ni wenyeji wake. Piga simu kwa mtaalamu wa kilimo kabla ya kumwaga chochote ardhini, na usidanganyike na muuzaji anayekuahidi dawa ya kuusafisha udongo. Kwa minyoo fundo, dawa za kuua minyoo ni sumu kali, hazichezewi na mtu wa bustani ya nyumbani.

Kuhusu mbegu, soma herufi kwenye pakiti: V ni vertisilia, F ni fuzari (FF au FFF ni ukinzani wa aina mbili au tatu zake), N ni minyoo fundo. Lakini N ina siri ambayo pakiti haisemi. Kinasaba chake, Mi, hupoteza nguvu udongo ukizidi nyuzi 28. Mtu wa nchi ya joto ananunua mbegu ya N kwa imani, anapanda kwenye udongo mwekundu usio na matandazo, anavuna vinundu, kisha analaumu mbegu. Poza udongo kwanza, au panda mapema kabla haujachemka.

Kwa mnyauko bakteria, mbegu peke yake mara chache hutosha. Kinachofanya kazi ni mche uliobebeshwa, yaani uliokatwa na kuunganishwa, juu ya shina la chini lenye ukinzani. Hawaii 7996 ndilo jina linalojulikana zaidi kati ya nyanya. Mashina ya bilinganya kama EG203 hutumika pia, na yana faida nyingine ya kuvumilia maji yanayotuama wakati wa mvua. Ukibebesha, kiungo kikae juu ya udongo. Ukikifukia, nyanya ya juu itaotesha mizizi yake yenyewe na umerudi ulikoanzia.

Dalili: Majani yanajikunja

Majani ya chini yamejiviringa kwa juu, magumu kama ngozi, rangi ni ya kijani, mmea unaendelea kuzaa: ni joto, ukavu, au umepunguza maotea mengi kwa siku moja. Mwache. Baadhi ya aina hujikunja kwa tabia tu.

Majani machanga ya juu ni madogo, yamekunjamana, kingo ni za njano, mmea umegoma kukua: ni virusi vya njano vinavyoletwa na nzi weupe, wakulima wengine huviita rasta. Tikisa mmea, vidudu vidogo vyeupe vikiruka, mbebaji umemwona. Mmea ulioambukizwa hauponi. Ng'oa mapema, hasa kama bado haujaweka matunda. Penye ukavu na joto ambako nzi weupe hawakosekani, nunua aina iliyoandikwa TYLCV (kifupi cha jina la virusi hivyo) na ufunike kitalu kwa wavu mwembamba tangu siku ya kwanza. Aina hizo bado huambukizwa, ila huendelea kuzaa.

Majani yamejisokota na kurefuka, hasa baada ya jirani kupuliza dawa ya magugu: ni hiyo dawa, au mbolea na nyasi zilizokuwa nayo. Utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho, huleta sura inayokaribia hiyo kwenye joto lenye unyevu. Kama huna kioo cha kukuza, peleka tawi kwa mtaalamu kabla ya kupuliza.

Dalili: Baka jeupe kama karatasi kwenye tunda

Jua limelichoma. Ulipunguza majani mno, au aina yako fupi ina majani machache. Funika kwa kitambaa chepesi, na msimu ujao chagua yenye majani mazito.

Unaposhika pakiti

Chagua kwa kuanzia na kile kilichokuua msimu uliopita. Anayepoteza maua kwa joto asivutwe na ukinzani wa bakajani chelewa asiyoiona kamwe, na wa nchi ya ukungu asinunue mbegu ya joto kwa sababu picha yake ni nzuri. HR kwenye pakiti maana yake ukinzani mkubwa, IR ni wa kiasi. Usipoona herufi yoyote, chukulia kwamba hakuna ukinzani. F1 ni chotara, na mbegu utakazokamua humo hazitatoa mmea uleule, kwa hiyo usijenge mipango ya miaka juu yake.

Kisha usiweke bustani nzima kwenye jina moja. Panda aina tatu: moja unayoijua, mbili mpya, mimea minne minne, tuta moja, maji yaleyale. Andika tarehe ya ua la kwanza, ya tunda la kwanza kutunga, na joto la chini la usiku ule. Mbegu zilizobaki funga, weka pakavu na penye ubaridi. Mbegu ya nyanya iliyotunzwa hivyo huota hata baada ya miaka 4, na kwa mimea 12 tu kwa msimu, pakiti tatu zitakusubiri mpaka ujue ipi inakaa kwako.